Vocha Nyuma ya Kioo

Tarehe 11 Januari

Dada yangu Fundi,

Natumaini barua hii inakukuta umeketi kwenye cherehani, maana najua huu ni mwezi wa sare za shule na usingizi umeuweka kando. Mimi mzima. Kile kikohozi kimeondoka chenyewe baada ya kunitesa kilivyotaka. Msalimie jirani yetu muuza soda, na umshukuru tena kwa kututunzia dawa ya Mama kwenye friji lake.

Kwa nini naandika badala ya kupiga, unajua. Simu ni ya Mama na chumba ni kimoja. Ukisema "aloo" tu, yeye ameshauliza ni nani, anasemaje, amekula? Barua unaweza kuisoma umekaa naye bega kwa bega asijue umeshika nini. Macho yake yakirudi, itabidi tutafute njia nyingine ya kumsengenya.

Sasa fungua hicho kibahasha kidogo, taratibu. Ni vocha ya zawadi ya duka letu. Nimebeba mafriji ya watu bohari hii mpaka mgongo umepinda, safari hii moja ni la Mama. Thamani yake inatosha lile dogo la mlango mmoja, linalofika kiunoni. Nenda kwenye tawi la huko kwenu, chagua, waambie walilete mpaka mlangoni. Insulini yake ikae ndani ya nyumba yake, isikae na soda za watu.

Vocha inatumika mpaka mwisho wa Juni. Ile hela ya kila mwezi usiitarajie kwa sasa, nimeitia yote humo.

Mama akiuliza nakuja lini, mwambie nikipata cha kuja nacho. Unanijua. Siwezi kuingia mlango ule mikono mitupu.

Mdogo wako


Tarehe 4 Februari

Mdogo wangu, Bosi wa bohari,

Salamu zako zimefika, na za muuza soda nimempa. Amesema ukija ulipie chupa uliyovunja ukiwa darasa la nne, hajasahau. Sisi tunaendelea. Mguu wa Mama unawaka moto usiku, ila mchana anacheka na watu. Macho ndiyo hayo, anaona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu, basi.

Ungemwona siku kibahasha kilipofika! Nilimwambia tu, "Mwanao amekuletea friji." Akaomba kulishika. Nikamwekea vocha mkononi, akaipapasa mbele na nyuma, akauliza, "Yaani friji zima limo humu?" Kisha akaiweka kwenye kabati la vyombo, nyuma ya kioo, pale penye vyeti vyetu vya shule. Tangu hapo kila mgeni akiingia lazima aoneshwe. Mmoja alidhani ni vocha ya simu, akauliza inakwanguliwa wapi. Mama akamfokea vizuri sana.

Bado sijaenda dukani. Mama ameniwekea masharti: kwanza nimalize sare, kisha nipake chokaa ukuta wa mlangoni, kisha nisogeze lile kabati la bati la nguo, kwa sababu friji haliwezi kuingia kwenye nyumba chafu. Nimemwambia friji halina macho. Akanijibu hata yeye hana, ila uchafu anausikia.

Usijali. Mpaka Juni ni mbali.

Dada yako


Tarehe 10 Machi

Mdogo wangu,

U hali gani? Mbona hukujibu? Huku joto limezidi. Sare zimekwisha, na waliochukua kwa ahadi wananipita barabarani kana kwamba hatujawahi kuonana. Mama anakusalimu. Chokaa nimepaka.

Nilikwenda dukani kwenu. Sikuzoea duka ambalo ukiingia kuna upepo wa baridi, nikasimama kidogo mlangoni nikiona wivu kwa niaba ya Mama. Nililiona friji lenyewe. Jeupe, lina droo ya mboga chini. Nikapanga foleni, nikampa binti wa malipo ile vocha. Akaigeuza mara mbili, akamwita meneja. Meneja akaniuliza mbele ya watu wote, "Mama, hii umeitoa wapi?"

Wanasema haisomeki. Namba haionekani kwenye mashine yao. Nikawaambia mdogo wangu anafanya kazi kwenye bohari yenu, ni mtu wenu. Meneja akasema basi ni rahisi, alete risiti ya kuinunulia, wataitafuta namba na kutoa nyingine. Bila risiti hawawezi kitu.

Kwa hiyo nitumie risiti. Ukiweza zungumza na wakubwa zako pia, wewe si uko humo humo? Mama nimemwambia duka limeishiwa mafriji, wanasubiri mzigo.

Dada yako


Tarehe 2 Aprili

Dada,

Samahani kwa kuchelewa. Nimehama chumba, anwani mpya ni hiyo ya kinyozi niliyoiandika nyuma ya bahasha, mwandikie yeye, mimi nitapata. Afya ni nzuri. Kazi ni kama unavyojua kazi.

Haisomeki vipi? Mimi niliisoma kwa macho yangu kabla ya kuitia kwenye bahasha. Namba ilikuwa wazi, thamani ilikuwa wazi, hata jina la tawi lilikuwa wazi. Hao wanakuchezea kwa sababu wamekuona umevaa kanga na ndala. Rudi. Simama hapo hapo kaunta mpaka wachoke. Usikubali mtu akuambie "Mama" kwa sauti ile.

Risiti naitafuta. Katika kuhamahama vitu vimechanganyika.

Mama bado anaweka dawa kwa muuza soda?

Mdogo wako


Tarehe 21 Aprili

Mdogo wangu,

Leo salamu ni fupi. Tupo.

Nilikuficha jambo, sasa nalitoa. Vocha haikufutika hivi hivi. Ilikuwa karatasi laini, ya aina ile inayotoka kwenye mashine za risiti. Mwezi wa pili, mimi nikiwa nimepeleka sare shuleni, Mama alimwomba mtoto wa jirani amshike mkono mpaka steshenari, pale wanapotia vyeti plastiki. Aliogopa vocha isije ikaloa au kuliwa na mende kabla sijamaliza chokaa. Akalipa kwa hela yake ya sukari. Mashine ile ya plastiki ni ya moto, na karatasi ya aina hiyo ikipata moto inageuka. Imetoka nyeusi tii, mdogo wangu. Nyeusi kama sufuria.

Mwenye steshenari hakumwambia. Anasema aliona mama mzee hana macho, amefurahi, akashindwa pa kuanzia. Hata wageni hawakusema. Mama anawaonesha kipande cheusi ndani ya plastiki, nao wanasema, "Nzuri, Mama, hongera." Nilipofungua kioo siku ya kwenda dukani ndipo nikaona. Nilikwenda nayo hivyo hivyo. Nilijua, lakini nilikwenda.

Cha kuchekesha ni upande wa nyuma. Thamani imepotea yote mbele, lakini masharti nyuma yamechapwa kwa wino wa kawaida, na yanasomeka mpaka nukta. Haibadilishwi kwa pesa. Hairudishwi chenji. Haitumiki kwa bidhaa za punguzo. Iliyochanika au isiyosomeka haipokelewi. Nilisoma yote nikiwa nimesimama juani nje ya duka lenu, nikacheka peke yangu kama chizi.

Nimefika mpaka ofisi ya haki za watumiaji. Kuna dada mmoja pale, mkali, anakula karanga huku anaandika, lakini alinisikiliza. Anasema pesa wameshaipokea, vocha kuungua hakuifanyi iwe zawadi yetu kwao, tuna haki ya kudai. Akanieleza pia ubaya wa kitu hiki: noti inakubalika kila duka na haina mwezi wa mwisho, lakini ukinunua vocha umelipia kabla ya kushika chochote, na toka hapo wao wana pesa, wewe una ahadi, tena kwa masharti yao. Akasema angeulizwa yeye, angekuambia utume hela. Nikamwambia hata mimi ningekuambia hivyo, ila hukuniuliza.

Yuko tayari kuwaandikia duka. Anataka kitu kimoja tu: risiti, au barua ya mkubwa wako kuonesha uliinunua.

Na ulichouliza. Muuza soda ameanza kuzima friji usiku kwa sababu ya umeme, na mchana linafunguliwa kila mtu akitaka soda. Hakutuambia, ana aibu. Nesi ameitazama dawa akasema imeshaharibika, tumekuwa tukimchoma maji. Sukari imepanda sana. Kwenye kidole gumba cha mguu kuna kidonda, na kinanuka.

Itafute hiyo risiti. Usiku na mchana.

Dada yako


Tarehe 19 Mei

Dada yangu,

Nimeanza barua hii mara nyingi, nikachana. Nakusalimu. Mama namsalimu. Kinyozi anakusalimu pia, hakujui, lakini ameniona ninavyohangaika na kalamu, akasema, "Msalimie huyo."

Hakuna risiti. Haikuwahi kuwapo, kwa sababu sikuinunua.

Desemba walitukusanya sote wa bohari. Mishahara ilikuwa imesimama tangu Septemba. Mkubwa akaja na soda na keki, akatushukuru, akasema kampuni inapunguza watu, na kwa moyo wa shukrani inatupa zawadi. Zawadi yenyewe ndiyo hizo vocha, badala ya mishahara yote ile na kiinua mgongo. Ukitaka chako ni hizo, hutaki basi. Tukatia saini kwamba tumepokea haki zetu zote. Na mimi nilitia. Nilikula na keki.

Nje ya geti alikuwa amesimama mtu mwenye mkoba, ananunua vocha kwa nusu bei. Alijua tutatoka na nini. Nilimuuzia zote kwa ajili ya kodi ya chumba na chakula, nikabaki na moja, ile kubwa. Hiyo sikuweza kumpa. Niliona nikimpa hiyo nimempa na friji la Mama. Nikaketi nikakuandikia kwamba nimeinunua.

Sasa hivi nabeba mizigo sokoni na kulala ndani ya duka la kinyozi akishafunga. Nilikwenda makao makuu kuuliza kama wanaweza kuitafuta namba. Mlinzi ni rafiki yangu wa zamani. Alinivuta pembeni akaniambia niondoke nisimponze.

Ningekuambia ukweli Januari, ungekwenda dukani siku ile ile. Usingengoja chokaa. Ulingoja kwa sababu ulidhani mdogo wako ana kazi, na hata hii ikipotea ipo nyingine. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Mdogo wako


Tarehe 12 Juni

Mdogo wangu,

Nimekasirika nawe, na nataka ulijue hilo kabla ya salamu. Ungesema, ningeuza cherehani. Sasa nimeiuza, lakini nimeiuza kwa ajili ya hospitali. Nafanya vibarua vya kushona kwenye karakana ya mtu, kwa zamu.

Yule dada wa karanga nilimpelekea maneno yako. Akasema mishahara hailipwi kwa vocha, hilo ni kosa juu ya kosa, akafungua faili la pili kwa ajili yako. Tukatoka pamoja kwenda dukani. Tukakuta shata limeshushwa na karatasi imebandikwa: kampuni imefilisika, vocha za zawadi hazitapokelewa, wenye madai wamwandikie msimamizi. Ndani kwa upenyo tuliona mafriji yamepangwa yanangoja mnada, na lile la droo ya mboga lipo. Akanieleza foleni ilivyo: benki mbele, kodi ya serikali, wafanyakazi, waliowauzia mizigo, halafu wenye vocha huko nyuma kabisa. Nikamwambia mdogo wangu yumo mara mbili, nilisahau kuwa wewe wamekusainisha. Alinishika bega.

Mama wamemkata mguu juu ya kifundo. Ameruhusiwa kurudi nyumbani, ila hawafurahishwi na hali yake. Alipofika tu aliuliza, "Friji limekuja?"

Nikasema limekuja.

Usinilaumu. Mguu umekwenda, macho yamekwenda, nikashindwa kumwambia na hilo. Dawa sasa naihifadhi kwenye mtungi wa maji nilioufunika gunia bichi. Maji ya kunywa nanunua ya baridi kwa muuza soda, nayaleta haraka kabla hayajapata joto, namwambia yametoka kwenye friji lake. Jana alitaka kuligusa. Nililifuta lile kabati la bati kwa kitambaa cha maji baridi mpaka likawa na ubaridi, nikamsogezea kitanda karibu, nikamwekea mkono juu yake. Alilipapasa kutoka juu mpaka chini. Akauliza mbona haliungurumi. Nikasema ya siku hizi hayaungurumi. Akasema, "Mwanangu kachagua zuri."

Nilitoka nje nikasimama nyuma ya choo mpaka nilipoweza kurudi.

Dada yako


Tarehe 27 Juni

Dada,

Asante kwa kunikasirikia kwa maandishi. Nilihofia ungenyamaza.

Jumapili Mama alinipigia, wewe ukiwa karakana. Nilikuwa sokoni nina gunia mgongoni, nikalitua katikati ya njia, watu wakanitukana. Alilisifu friji. Akasema maji yake yanauma meno, akasema limekaa vizuri pale mlangoni, na wageni wanalionea gere. Akaniombea dua ndefu kwa ajili ya mikono yangu. Mimi nilikuwa nasema "ndiyo Mama, asante Mama".

Akaniuliza nakuja lini. Nikamwambia karibuni, nakusanya kidogo nije na kitu. Akasema, "Kitu si umeshaleta."

Dada, mwache aamini hivyo. Ulifanya vizuri. Nakusanya nauli, na juu yake nataka angalau nimletee blanketi.

Mdogo wako


Tarehe 20 Julai

Mdogo wangu,

Watu wameondoka, chumba kimekuwa kikubwa. Nilipokupigia kukuambia Mama ametutoka, ulisema tu chaji inakwisha. Hukusema utakuja, nami sikuuliza. Tulimzika asubuhi. Muuza soda alibeba jeneza mbele, na mwenye steshenari alikuwapo, amesimama nyuma ya wote.

Kuna jambo lazima ulijue, na simuni sikuweza.

Ile Jumapili aliyokupigia, usiku wake alizidiwa nikampeleka hospitali. Hakurudi tena kwenye chumba hiki. Mimi nililala huko huko, na baada ya mazishi wanawake walikuwa wamejaa humu ndani, sikugusa kitu. Jana ndipo nilipofungua kabati la bati nitoe nguo zake tuzigawe.

Siku ile nilipoligeuza kabati kuwa friji, nilikuwa nimesukumia ndani kila kilichokuwa juu ya kitanda, vitambaa vya wateja, masweta, kanga zake, vyote ovyo, nikasukuma mlango kwa goti. Jana nilikuta vimekunjwa. Vyote. Vimekunjwa kwa ule mtindo wake, mikono ya nguo ndani, kisha mara mbili, kisha ukingo unapigwa kwa kiganja. Hakuna mtu mwingine duniani anayekunja hivyo. Tulichapwa sana tukijifunza na hatukuweza. Kitanda kilikuwa pale pale nilipokisogeza, anafikia mlango wa kabati kwa mkono. Alilifungua nikiwa karakana, akakuta nguo, akazikunja, akafunga. Halafu ndipo akachukua simu akakupigia kulisifu friji lako.

Nilirudi jioni ile na maji ya muuza soda, nayo yalikuwa yameshapata joto njiani. Alikunywa yote akasema leo yamekolea baridi.

Basi alijua, mdogo wangu. Sijui kama alijua na kuhusu kazi yako. Nadhani alijua. Alitulea yeye.

Yule dada wa karanga bado ana mafaili yetu yote mawili, anasema usikate tamaa, saini ya kulazimishwa inaweza kupingwa. Mpigie. Hiyo ni haki yako na usiwaachie. Vocha nimeirudisha pale alipoiweka mwenyewe, nyuma ya kioo, na vyeti vyetu. Sitaki itupwe.

Blanketi usinunue. Usinunue chochote. Kitanda chako nimekitandika. Njoo na mikono yako hivyo hivyo ilivyo.

Dada yako